Kata

Hakimu wa Maribor aliwagawia kila kitu:
mume nyumba ya mlimani, mke gari na mbwa,
masufuria kwa idadi, vijiko kwa jozi;
hata deni la jiko walilipasua katikati.
Filamu tu ilisahaulika.
Mkataba ulikuwa na sahihi mbili za siku za mapenzi:
Vojko ataongoza, Zdenka atahariri,
na atakayejitoa atalipa euro elfu themanini.
Hakuna aliyekuwa nazo.

Basi mwaka ule ule wa talaka
Vojko akapiga filamu kuhusu talaka,
tena kwa ukanda wa zamani, maana ana maringo.
Mume ndani yake ni mpole, mfuga nyuki, msema taratibu.
Mke ana sauti ya mlango usiotiwa mafuta
na koti la kijani lisilo na kifungo cha tatu.
"Ni mtu wa kubuni," Vojko aliwaambia waandishi.
Koti la Zdenka lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wetu,
kijani, vifungo vinne, pengo moja.

Tulifanya kazi chini ya ardhi, kando ya mabomba ya joto.
Mimi msaidizi: kahawa, nambari, kunyamaza.
Mara ya kwanza aliitazama yote bila kupepesa.
Akamenya chungwa. Akalimaliza.
Akasema, "Tuanze na nyuki."

Akamkata mume maneno.
Hotuba ya dakika sita juu ya upweke
ikabaki pumzi mbili na kupenga kamasi.
Pale alipolia, Zdenka aliunga mbwa akipiga mwayo.
Pale alipoondoka milele, theluji ikimwangukia,
akamrudisha, mara nne,
kama mtu aliyesahau funguo, kisha kofia, kisha sababu.
"Siongezi uongo," aliniambia. "Kila picha ni yake.
Mimi nakata tu."

Nimeona watu wakikata rufaa, wakikata tamaa,
wakikata mguu wasionekane tena mtaani;
sijaona mwingine aliyekata kiu kwa mkasi.
Usiku nilifagia hotuba za Vojko
nikazitia kwenye mfuko wa takataka.

Yeye hakuja. Wakili wake alimkataza
kuvuta hewa moja na mtalaka.
Alituma barua tu: *Daraja la Drava lisiguswe.*
Likaguswa.

Usiku wa uzinduzi, kule Trieste,
Vojko alivaa tai nyeusi. Aliandika tanzia,
na alikuja kuizika ndoa kwa heshima zake.
Dakika ya nne mtu mmoja akacheka, akajizuia.
Dakika ya tisa ukumbi mzima;
bibi mmoja alitolewa nje kwa kwikwi.
Nilikuwa nyuma yake safu mbili.
Niliyaona masikio yake yakiiva.

Wakampa tuzo ya ramsa bora:
samaki wa shaba, kilo tatu.
Ilibidi apande. Ilibidi ashukuru.
Alimshukuru mfadhili, akalishukuru jiji, akawashukuru nyuki,
akafika kwa mhariri, akakwama.
Sekunde kumi na mbili za kimya.
Zdenka, pembeni yangu, alizihesabu kwa midomo,
akanong'ona, "Hii ningeiacha kama ilivyo."

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu.
Dakika ya hamsini na moja, kabla ya kugombana,
mume anainama kibarazani
anamfunga mke kamba ya kiatu.
Haichekeshi. Hadithi haiihitaji.
Nilimkumbusha mara tatu kwamba imebaki.
"Najua," alisema, mkasi umefunguka mkononi.
Kahawa ikapoa. Mabomba yakagonga.
Akauweka mkasi juu ya meza, taratibu, kama kitu kilicholala,
akavaa koti lake la kijani,
akapanda ngazi.