Mbung'o Wawili Safinani

Jumapili ya kwanza baada ya mvua, Maracha.
Kumbikumbi wameruka usiku kucha nyuma ya kanisa,
na watoto wa darasa langu wamekuja na mbawa nyweleni,
vidole vinang'aa mafuta ya kukaangia.
Basi nikaacha somo nililoliandaa.
Nikasema, leo ni siku ya sita ya uumbaji,
siku ya vitambaavyo. Kumbikumbi kazi yake nini?

"Kuliwa!" wakajibu kwa sauti moja,
kama watu waitikiao Amina.

Nyuki? Asali, akasema Onzima,
na dada yake akamsahihisha:
bila nyuki mishea yetu ingechanua bure.
Dundu wa mavi? Huyo hufagia njia ya ng'ombe
akazika alichofagia, bila mshahara,
bila kungoja bajeti ya wilaya.
Mchwa? Hapo waliinua macho kutazama boriti,
zile zinazodondosha unga wakati wa mahubiri.
Nikawakumbusha: matofali ya madhabahu hii
tuliyafyatua kwa udongo wa kichuguu.
Anayetubomolea ndiye aliyetukandia.
Nilijisikia mwalimu hodari.

Ndipo Drani, mwana wa kaka yangu Adriko,
ukingoni mwa mkeka, akainua mkono.
"Na mbung'o?"

Sikujibu.
"Nuhu alikuwa nao wawili tu," akasema.
"Mvua siku arobaini, mlango umefungwa, hana shamba la kupalilia.
Kofi moja, mwalimu.
Haya, mawili."

Hakuna aliyecheka. Wanamjua baba yake:
kwanza tezi nyuma ya shingo, kama punje za njugu,
kisha kusinzia mchana, jembe mkononi,
na usiku kuzunguka ghala akihesabu mbuzi
tuliokwisha kuwauza.
Tukasema amerogwa. Miezi minne tulimtafuta mchawi,
hadi daktari akachota maji kwenye uti wa mgongo wake
na kutuonyesha tulichelewa kiasi gani.

Majibu ninayo. Nilifundishwa, nina cheti.
Kwamba Edeni mbung'o hakuuma,
kwamba ni dhambi yetu iliyomnoa sindano.
Kwamba alilinda misitu isiliwe na mifugo,
tembo wakapata pa kukaa.
Nikamtazama mtoto, nikayaona yote
kama viatu vya mtu mwingine.

Tukashuka mtoni badala ya kuimba.
Pale kwenye kivuko, vitambaa vya bluu
vimesimikwa kwenye vijiti, vimelowekwa dawa.
Nikawaambia: mbung'o hupenda bluu,
akiiona haiachi, akiigusa hafiki mbali.
Na kwa kuwa muuguzi aliniambia, na mimi sijui kunyamaza,
nikaongeza: hatagi mayai kama nzi wengine.
Hubeba mtoto mmoja, mmoja tu kwa wakati,
humnyonyesha ndani ya tumbo
hadi atakapomlaza mchangani, kivulini.
Nilichukia kulijua hilo. Bado nachukia.

Drani alichuchumaa mbele ya kitambaa muda mrefu.
"Nani alimfundisha kupenda bluu?"

Maji yalipita. Onzima alirusha jiwe.
Nilitaka kusema, Yeye yule;
aliyempa sindano alimpa na udhaifu,
na sisi akatupa macho ya kuuona.
Lakini niliogopa kulisema upesi,
nikalimalizia uchungu kabla haujaiva.
Nikasema, sijui. Wewe unadhani nani?

Hakunijibu. Alionyesha kwa kidevu:
kitambaa cha tatu kimechanika, upepo unapita katikati.

Usiku huu nafagia mbawa chini ya taa.
Bwana, kazi ya mbung'o sijaijua.
Utanieleza siku Utakayo, ama Hutanieleza.
Mezani kuna mita mbili za bluu, sindano,
na uzi ambao mtoto ameulowesha mate
akaupenyeza tunduni mara ya kwanza tu,
jambo ambalo macho yangu hayaliwezi tena.