Nondo Iliyobaki Nje

Mifuko mia tatu ya saruji,
malori saba ya kokoto kutoka Mlolongo,
nondo za milimita kumi na mbili, sikuhesabu tena,
nilimwachia Syokau aandike kwa biro nyekundu.

"Wiki ijayo, mama," Gichimu akasema.
Wiki ijayo ikaota mvi.

Leo mjini, ghorofa ya tano, mbele ya bodi,
yeye kavaa tai. Mimi viatu vyenye vumbi la duka,
makusudi.
Wakamsomea: leseni imesimamishwa
hadi alipe.
Akaikunja barua mara nne, kama risiti ya nyanya.

Nikashuka kwa ngazi. Lifti alikuwa ameipanda yeye.

Jioni nikapitia Donholm kuliona jengo.
Wapangaji wameshahamia. Ghorofa ya tatu
nepi zimeanikwa kwenye kamba
iliyofungwa kwenye nondo yangu,
ile iliyobaki nje, haikukatwa.

Nikasimama pale chini, shingo juu.
Bawabu akaniuliza: "Mama, watafuta nyumba?"
Hapana, nikamwambia,
naangalia tu kama limesimama sawa.

Na limesimama.
Saruji yangu ilikuwa nzuri.