Nyumba Hini Haiuzwi

Bati hukatwa asubuhi,
jua likipanda linauma vidole.
Debe la mafuta ya kupikia, la kilo kumi na saba:
nalipasua ubavuni, nalilaza sakafuni,
nalitwanga kwa nyundo ya mpira
mpaka lisahau kuwa lilikuwa debe.
Kisha msasa. Kisha siki kwa kitambaa,
na baada ya siki asiliguse mtu.
Alama ya kidole kimoja
hula herufi nzima.

Karatasi hutoka Mwembe Tayari, kwa Badi mwenye mashine,
na maneno yake yako kinyume,
kama mtu anayetoka chumbani mwa wakubwa
akirudi nyumanyuma kwa adabu.
Ufundi wenyewe ndio huo:
ukosee karatasini, bati likusahihishe.

Kibao changu cha kwanza nilisahau kugeuza.
KARIBU ikatoka UBIRAK.
Zuhura akakitundika mkabala na kioo cha kabati,
na hadi leo mgeni wetu
hukaribishwa akiwa ametupa mgongo.

Pasi ni ya mkaa. Ya umeme ipo,
ila umeme wa mtaani kwetu una safari zake.
Nakandamiza, nahesabu hadi mia mbili,
nachunga jasho lisidondoke.
Halafu beseni la maji, karatasi inalegea
kama hamri lililosahauliwa chaini.
Nasugua kwa kidole gumba, polepole,
na maneno yanabaki, meusi,
yameshika chuma.

Jumatatu alikuja Bi Mwanamize, kutoka Kuze,
buibui limepauka mabegani,
bahasha ya hati kwapani.
"Niandikie: Nyumba hini haiuzwi."
Nikamuuliza, hii au hini?
"Hini. Nyumba yangu haiijui hiyo hii yenu.
Na utoboe matundu manne, si mawili.
Kibao cha mawili huzungushwa na upepo,
na mjane huzungushwa na watu."

Nikakipaka vanishi mara tatu, kwa ajili ya chumvi.
Hewa ya kwetu hailipi kodi
na mabati inakula.

Alhamisi akaja Twalib, mwanawe,
viatu vinang'aa, simu mbili.
Akataka kipimo kile kile,
matundu manne, pale pale yalipo ya mamake.
INAUZWA, na nambari.
Ulimi ulikuwa ushafika kwenye la.
Akaweka mia tano juu ya meza,
na mkebe wa unga nyuma yangu
ulikuwa wazi.

Usiku nikakaa na bati tupu.
Zuhura hakusema kitu, akachochea mkaa,
akaugeuza uso wake kwenye kioo cha kabati
kitambo kidogo.
Nikampigia Badi:
"Hii usiigeuze. Itoe kama inavyosomwa."

Nikahesabu mia mbili, haikupungua hata moja.
Nikatoboa manne.
Nikapaka vanishi mara tatu. Kazi ni kazi.

AWZUANI,
na nambari inayoanzia mwishoni.
Mwenye kuinunua na aje na kioo chake,
asimame pale Kuze, aupe mlango mgongo.

Ijumaa baada ya sala Twalib alikichukua,
kimefungwa gazetini, mbiombio, hakukifungua.
Leo Jumatatu. Simu haijalia.
Zuhura anasema
huenda ameshakipigilia bila kukisoma.