Daraja la Dakika ya Arobaini

Nyuma ya mashine ya kusaga, pale Luanda,
baba alikuwa na banda la video:
mabati, mbao juu ya matofali, jenereta yenye kikohozi.
Kiingilio shilingi tano, siku ya soko kumi,
na mimi mlangoni na kopo la mafuta ya kupikia.

Filamu iliyojaza banda ilikuwa moja.
Vita vya Uchina, mto, daraja la mbao,
askari waliovaa viatu vya kitambaa.
Jina lake hatukuweza kulisoma.
Tuliiita Daraja.

Ombima Asiligwa aliketi ubavuni mwa televisheni,
kipaza sauti kimevikwa soksi.
Kichina hakukijua hata cha kuombea maji,
lakini vinywa vya watu wale vilipofunguka
yalitoka maneno yake.
Mpiga tarumbeta alimbatiza Amukowa.
Kapteni akawa mwalimu anayedaiwa sukari dukani.
Muuguzi mwenye kovu kidevuni hakumpa jina.
"Huyu," alisema, "mwacheni."

Dakika ya arobaini diski ilikuwa na mkwaruzo.
Amukowa anakanyaga ubao wa kwanza,
risasi zinaanza, picha inaganda,
inamomonyoka kama ukuta wa udongo mwezi wa nne,
halafu ghafla ni theluji, na watu wengine kabisa wanakula.

Hapo ndipo Ombima alipokula mshahara wake.
Kila usiku alimvusha:
mara kwa kupiga mbizi, mara kwa kujifanya maiti,
na siku moja ya soko, wauza vitunguu wakiwa wengi,
Amukowa alifika ng'ambo, akanunua hindi la kuchoma,
akauliza njia ya Esibuye ni ipi.
Tulicheka mpaka mabati yakaitikia.

Diski nyingine zikaja. Tukaanza kuwatambua.
"Si Amukowa huyo?" Ana masharubu, anauza hariri.
Mwaka uliofuata ni jenerali mnene, kalalia ramani.
Kisha babu, kipofu, maneno mawili tu
na kifo cha kitandani, cha heshima.
Adui mwenye jino la dhahabu alibaki adui
filamu saba, akafa mara saba,
kwa upanga, kwa kisima, mara moja kwa uji.
Mama alimwonea huruma:
"Huyu hawampi hata harusi?"

Muuguzi hatukumwona tena popote.
Ombima aligeuza kila kasha lililoletwa,
akipitisha ukucha juu ya nyuso ndogo,
akitafuta kovu.

Simu zikaingia mifukoni, banda likafa.
Mabati alinunua mfuga kuku.
Ombima sasa yumo ndani ya gari la matangazo,
spika mbili juu, picha ya marehemu ubavuni,
anatangaza matanga kutoka Maseno hadi Majengo:
mke wa fulani, baba wa fulani, mazishi Jumamosi.
Sauti ni ile ile.
Watu wangu wa rika langu sokoni
hugeuka wakidhani vita vimeanza.

Juzi niliipata Daraja, nzima, kwenye simu.
Nikaitazama jikoni, maharage yakiungua.
Amukowa hamalizi ubao wa tatu.
Havuki.
Tarumbeta ndiyo inayovuka, juu ya maji, peke yake.

Nilimpelekea Ombima chini ya mwavuli wa muuza chai.
Akazima sauti kwanza. Mazoea.
Akatazama ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Midomo yake ilicheza kidogo,
kama mtu anayehesabu chenji.
Nilingoja amvushe.
Akanirudishia simu, kioo kina alama ya kidole chake,
akauliza kwa sauti ndogo, ambayo sikujua anayo:

"Na yule mwenye kovu.
Ulimwona mahali?"