Yah: Ombi la Kazi ya Kusahihisha Prufu

Ndugu Mhariri,
husika na kichwa cha habari hapo juu.

(Rasimu ya kwanza ilianza na "Mheshimiwa".
Nikalifuta. Ofisi yenu nimeiona:
ngazi ya mbao juu ya duka la spea za baiskeli,
feni moja, na mlinzi anayefungia karanga zake
kwa toleo la juzi.)

Tangazo lenu, ukurasa wa saba, safu ya mwisho,
linataka mtu makini, asiye na papara,
mwenye uzoefu wa miaka mitano.
Wangu ni huu: miaka minane chama cha msingi, Urambo,
nikiandika namba kwenye marobota ya tumbaku.
Sifuri ikidondoka hapo, mtu anauza baiskeli yake.
Mkononi mwangu haikudondoka.

Kuhusu umakini:
kwenye tangazo hilohilo mmeandika "msahihisaji".
Nimeliambatanisha. Duara ni langu.

Nimewasoma tangu mkiwa kurasa nne.
Nilikuwapo siku mkuu wa mkoa
alipofungua choo cha ualimu.
Tabora nzima ilicheka,
wauza asali walilisoma kwa sauti sokoni,
na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini.
Wiki iliyofuata mkasema ni herufi moja tu.

Herufi moja tu.

Mwezi wa Machi, mwaka ule wa mvua haba,
tuliwaletea tanzia ya baba.
Shilingi elfu kumi na tano; risiti ninayo.
Tuliandika Msabila Kapembe, wa Ng'ambo.
Mkachapa Msabaha.
Kule Kaliua shangazi alisomewa gazeti,
akasema, masikini, wenzetu wamefiwa,
Mungu awape subira,
akaendelea kupembua mchele.
Alifika mwezi wa Mei
na jogoo kwapani,
kumsalimia kaka yake.

Niliwaandikia mrekebishe.
Niliwaandikia tena.

Sehemu hiyo sikuituma.
Barua iliyopanda ngazi ilikuwa fupi,
ina wadhamini watatu na picha mbili za pasipoti.

*

Waliniita Jumanne.
Bwana Ndekeja alinisukumia ukurasa na kalamu nyekundu.
"Una makosa kumi. Dakika ishirini."
Saa ya ukutani ilikuwa imesimama saa tatu na robo,
ya asubuhi gani sijui.
Nikausoma kama anayepembua mchele,
jiwe kwa jiwe,
nikimsikia fundi wa chini akigonga rimu.

Nikamrudishia kumi na moja.

Akahesabu kwa kidole. Akarudia,
safari hii midomo ikitembea.
Kumi aliyapanda yeye.
La kumi na moja liliota lenyewe,
na halikuwa la mtihani: ukurasa ule ni wa leo,
umeshachapwa, umeshafungwa kamba,
umeshapanda treni ya Mpanda.

Akavua miwani.
"Tukikuchukua, utaanzia wapi?"

"Kwenye tanzia."

Alingoja nieleze. Sikueleza.
Alidhani, labda, nina woga wa siasa.
"Tutakupigia," akasema,
akaandika jina langu pembeni ya daftari:
Nyamisi.
"Ni z," nikamwambia.
Akafuta, akaandika upya, bila kuniangalia.

*

Hawajapiga.
Wiki ya tatu hii. Simu naichajia kwa jirani,
na kila ikilia ni mtandao unanizawadia dakika.

Kalamu yao nilisahau kuirudisha.
Ninanunua gazeti kila linapotoka,
naruka mpira, naruka bei ya tumbaku,
nafungua ukurasa wa majina.

Leo, safu ya pili:
Nyanzala Kasubi, wa Kachoma, mazishi saa kumi.
Kasubi?
Kachoma ninawajua Kasuvi,
wale wa mashine ya kukoboa, nyumba ya bati jekundu.
Huenda wako na Kasubi pia.
Huenda.

Saa nane na nusu.
Nimeshavaa viatu. Naenda kuuliza.