Difu ya Nyuma

Aliyeniuzia alilipiga bodi kofi, akasema,
"Injini mbichi. Tabo inapiga mluzi. Difu usiiguse,
mafuta yake ni ya maisha."
Sikumuuliza maisha ya nani.
Nilikuwa na miaka thelathini na nane, na funguo mkononi.

Leo Jumapili, Kizota, uani.
Gari limekaa juu ya vigoda vinne vya chuma,
matairi yananing'inia kama miguu ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi.
Upepo wa Julai unaleta vumbi mpaka kwenye meno.
Nimetandika boksi la friji, nimelala chali,
na Mbeleje, miaka tisa, ameshika tochi
anamulika kila kitu isipokuwa ninapotazama.

Kwanza, mwanangu, pa kujazia.
Kabla hujafungua pa kumwagia, fungua pa kujazia.
Chilongani wa Mnadani hakufanya hivyo:
alimwaga yote, kisha nati ya juu ikagoma, ikalika kichwa,
gari la watu likalala kwake wiki tatu
kavu kama kibuyu kilichosahauliwa.
Usimwage usichojua utakirudishaje.
"Hata maji ya ndoo?"
Hata maji ya ndoo.

Nati inagoma. Navalisha bomba kwenye mpini wa spana,
navuta, majirani wanasikia ninavyomtaja Mungu,
kisha, tak,
sauti ndogo, mfupa umerudi mahali pake.

Mafuta yanatoka meusi, mazito, hayana haraka.
Kiberiti na mayai viza. Mbeleje anaziba pua
kwa mkono wa tochi, giza linaniangukia usoni.
Siku sita za wiki nahamisha mvinyo, pipa hadi pipa.
Mashapo nayajua.
Mwenye pipa husifia kinachong'aa juu;
mimi hulipwa kwa kutazama chini.

Sumaku ya nati imeota ndevu za kijivu.
Nazisugua kwa kidole, nasikiliza kwa ngozi.
Unga si neno, unga ni uzee tu.
Ila ndani ya unga kuna punje, kama ya uwele,
yenye pembe.
Jino.
Lilivunjikia wapi? Kona za Kolo labda, usiku,
yule bwana akishindana na mtu kwa kreti ya soda.
Magurudumu manne yote yanasukuma, ndiyo sifa yake,
wote wanasifu manne,
na hakuna anayemuuliza mgawaji wa mzigo
amekunywa nini tangu meli iliposhusha gari Dar.

Mafuta mapya ni asali ya Itigi.
Nayasukuma kwa bomba la sindano ya ng'ombe
nililoazima kwa Nhonya, bwana mifugo,
mpaka yanafurika tundu na kunidondokea shingoni.
Yakikudondokea, yametosha.
Ya gia boksi yana kopo lake, usichanganye.
Muuza duka aliniambia yote mafuta.
Chumvi na sukari nazo, zote nyeupe.

Mama Mbeleje anarudi kanisani.
Anaona gauni la mtoto. Anaona shuka nililopangusia.
Hasemi.
Miaka kumi na moja nakijua kimya hicho,
na mara ngapi nimekivamia kwa chini,
nikamwaga, nikakosa cha kurudishia.
Nanawa kwa sabuni ya unga. Nachemsha chai kwanza.

Jioni tunalijaribu, barabara ya Iringa, watu watatu.
Kwenye kona linashika lami kwa vidole vyote.
Nyuma Mbeleje anatikisa kiberiti chenye jino ndani,
kachaka, kachaka, nyamaza basi nisikie.
Mlio upo. Umepungua, lakini upo,
mwembamba, kama mtu anayeongea chumba cha pili.

"Unausikia?" namuuliza mama yake.
Anashusha kioo.
Anatoa kichwa nje kidogo, kwenye upepo,
na kusikiliza.