Mkate Mlangoni

Waliniita Jumanne, saa mbili asubuhi,
hospitali mpya ya ghorofa, Mbale,
hatua chache kutoka mnara wa saa.
"Fundi Wetaka, mlango wako umemuuma mtu."
Mlango wangu. Ukifanya kazi ni wao,
ukiuma ni wangu.

Aliyeumwa ni Nambozo, muuza malewa.
Alikuja kumwona dada yake wodi ya uzazi,
kikapu ubavuni, mwendo wa mtu aliyekesha.
Mlango ukaihesabu nusu yake ya mbele,
ukaifungia nusu iliyobaki.
Bega likavimba, malewa yakamwagika
juu ya vigae ambavyo hata mimi huvikanyaga kwa aibu.

Nikafungua kifuniko.
Ndani, vumbi. Mota, ukanda wa mpira, ubao wa saketi,
na kijiskrubu cha njano, kidogo kama punje ya mtama:
hicho ndicho huamua
mlango usukume kiasi gani
kabla haujauliza, nani?

Mtu alikuwa amekikaza hadi mwisho.
Sikuuliza. Meneja Mafabi akakohoa mwenyewe:
"Upepo wa Wanale ulikuwa ukiuchezea, fundi,
usiku kucha funga-fungua, funga-fungua,
ubaridi wote unatoka nje.
Bili ya umeme unaijua?"
Naijua.
Na bega nimeliona.

Kipimo changu cha nguvu kiko Tororo, kwa shemeji
aliyekiazima kupimia nyama.
Basi nikanunua mkate duka la ng'ambo, mzima, usiokatwa,
nikausimamisha njiani kama mgonjwa asiye na ndugu.
Mlango ukaja. Ukaushika kiunoni. Ukaendelea.
Mkate ukawa namba nane.
Kisolo mlinzi akacheka,
halafu akauangalia tena, akanyamaza.

Robo kushoto. Bado unabonyea.
Robo nyingine. Mlango ukagusa, ukasita,
ukarudi nyuma taratibu
kama aliyeingia chumba cha watu bila hodi.
Kwenye ganda la mkate ulibaki mstari tu,
alama ya soksi mguuni.

Nikadhani nimemaliza.
Upepo ukashuka mlimani,
na mlango ukaruka nyuma peke yake, mara tatu,
kama mtoto aliyezoea kupigwa:
akisikia hewa inasogea anadhani ni mkono.
Huo nao si usalama.
Nikarudisha skrubu kulia, unywele mmoja,
nikishika pumzi.

Kisha mkono wangu mwenyewe.
Kitabu cha maelekezo kinakataza,
lakini kitabu hakijui kesho atapita nani hapa.
Kiganja. Kifundo. Vidole, kimoja kimoja,
nikiacha kile kidogo hadi mwisho
maana ndicho kinachofanana na cha binti yangu.

Nambozo akarudi kuchukua kikapu,
mkono umefungwa kwa leso.
Akasimama mbele ya kioo, hakupita.
"Umeshauambia?"
"Nimeuambia."
Akatanguliza kikapu kwanza, kisha guu moja,
na papo hapo umeme ukakatika.
Mlango ukafa katikati ya njia.
Akautazama, akausukuma kwa kidole kimoja cha mkono mzima,
ukamfuata bila ubishi.
"Ulipaswa kuwa hivi tangu jana," akasema,
sijui kwangu au kwake huo mlango.

Mkate tukaula pale pale na chai ya Kisolo.
Nilimkatia upande mzuri, akaukataa.
Akachukua ule uliopondwa:
"Huu ndio wangu."

Umeme uliporudi nikajaribu tena mara kumi,
nikaandika kwenye daftari: nusu kushoto, unywele kulia.
Nikaazima rangi ya kucha ya nesi Mutonyi, nyekundu,
nikadondosha tone moja juu ya skrubu,
ili atakayeikaza usiku kwa ajili ya bili
aonekane asubuhi.